PhD ya Wagonjwa Wasiopona

Kuna swali ambalo sisi Wakenya huliuliza kwa sauti ya huruma ilhali ni tusi: "Na sasa hiyo PhD itakusaidia na nini?" Wakili haulizwi. Injinia haulizwi. Jamaa anayetumia miaka sita akitafiti jinsi watu wanavyonunua unga kwenye supamaketi haulizwi. Yeye akihitimu anachinjiwa mbuzi na picha zinajaa WhatsApp ya familia. Anayeulizwa ni nesi.

Nesi ninayemzungumzia ni mtu wa kwetu, Tseikuru, kule mwisho wa Kitui ambako ukizidi kwenda unafika Mto Tana. Simtaji jina kwa sababu bado anaihitaji kazi yake. Amefanya kazi wodini zaidi ya miaka kumi, na sasa anasomea shahada ya uzamifu. Utafiti wake ni kuhusu wagonjwa ambao dawa haitawaponya: wenye saratani iliyokwisha kusambaa, waliopooza, wazee walio kitandani mwaka wa tatu sasa. Na pia kuhusu wale wanaowageuza, kuwaosha na kuwalisha huko majumbani. Kwenye mchango wa karo yake, mzee mmoja wa heshima alisimama akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba kusoma ni vizuri lakini mtoto wetu angechagua mambo ya watu wanaopona. Ukumbi ukacheka. Hata yeye alicheka, kwa sababu ukikaa kwenye unesi muda mrefu unajifunza kucheka mahali kama hapo.

Mimi sikuona cha kuchekesha, na nina sababu zangu, nitazifikia.

Ninachosema ni hiki. Katika nchi hii kazi ya kumtunza mtu asiyepona inafanywa na manesi na wanawake wa nyumbani: binti, mke wa mtoto, mjukuu. Lakini mamlaka ya kazi hiyo, kuanzia nani aandike dawa hadi nani aamue kipi kitafitiwa, yamewekwa mikononi mwa watu ambao usiku ule hawapo. Nesi anayesomea PhD katika jambo hili anajaribu kuyarudisha mamlaka pale kazi ilipo. Ndiyo maana anaudhi watu. Angesomea usimamizi wa hospitali, akapata ofisi yenye zulia, tungempongeza.

Watanzania wana jina la huduma hii ambalo ninalipenda kuliko majina yote: tiba shufaa. Shufaa ni kuombea, ni mtu kusimama mbele ya mwenye nguvu kwa niaba ya mwingine. Fikiria hilo kama maelezo ya kazi. Hujaja kumponya mtu, umekuja kusimama kati yake na maumivu. Na nani husimama hapo saa nane za usiku? Si profesa.

Halafu kuna kichekesho cha cheo. Mashinani, yeyote mwenye koti jeupe ni daktari. Nesi wa zahanati ni daktari, afisa wa kliniki ni daktari, hata kijana wa maabara, ukiwa na homa ya kutosha, ni daktari. Hakuna anayeomba vyeti. Lakini nesi huyohuyo akizamia miaka mitano, akaandika tasnifu, akatetea mbele ya jopo, siku atakapojiita Daktari mjini watu watakunja uso: ati anajifanya nani?

Mwaka wa 2017 tulifanya jaribio la kitaifa bila kukusudia. Madaktari wa umma walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100, ule uliojaza magazeti. Juni manesi nao wakagoma, na hawakurudi hadi Novemba. Miezi mitano. Hapo ndipo tulipoona zahanati zikifungwa kwa kufuli, kwa sababu huko nje nesi ndiye zahanati. Akiondoka yeye linabaki jengo na bango la mradi. Sasa niambie ni kwa hesabu gani mtu ambaye bila yeye mlango unafungwa hawezi kuwa chanzo cha maarifa kuhusu kinachofanyika ndani.

Nije kwangu. Januari 2022 nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Susu, bibi yangu aliyenilea, alikuwa na uvimbe kwenye titi aliouficha kwa muda mrefu, kwa sababu ukame ulikuwa umetupiga na mbuzi waliobaki walikuwa wa karo, si wa hospitali. Tulipofika kwenye kituo kimoja cha afya, baada ya kupanga foleni siku mbili, tuliambiwa maneno matatu ambayo kila familia ya Kenya inayajua: mpelekeni nyumbani, mkamtunze. Tulipewa Panadol. Kaka zangu walikuwa Nairobi "wanatafuta". Hakuna kikao kilichofanywa. Hakuna aliyesema wewe ndiye utakayeacha shule. Nilirudi nyumbani wiki mbili, na wiki mbili zikawa miezi kumi na minne.

Watu wakisikia niliacha chuo hudhani ni pombe, au mimba, au uvivu. Nilikuwa kazini. Sikuwa na mshahara wala zamu ya kubadilishana, lakini ilikuwa kazi, na ngumu kuliko yoyote niliyofanya tangu hapo. Maji yalikuwa ya kufuata na punda. Mtu aliyelala anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili asije akaota vidonda vya mgongo, na hilo sikulijua hadi vidonda vilipotoka. Titi lilipasuka likawa kidonda wazi. Sitapamba: kilinuka. Kilinuka hadi akina mama wa mwethya yake, kundi alilochimba nalo mabwawa na kujenga nalo mitaro tangu mama yangu akiwa mtoto, wakawa wanasimama nje ya mlango, wanasalimu, wanaacha ndengu kwenye kibuyu, wanaondoka. Susu aliwasikia. Aligeukia ukuta. Nadhani hilo lilimuuma kuliko saratani.

Aliyelibadilisha jambo hilo ni nesi niliyewaambia. Alikuja siku yake ya mapumziko, kwa boda, kwa pesa zake. Alichukua tembe za metronidazole, hizi za kuharisha ambazo kila duka la dawa linazo, akazisaga kati ya vijiko viwili, akanyunyiza unga kwenye kidonda na kufunika. Akaniambia nirudie kila nikibadilisha bendeji. Baada ya siku chache harufu ilipungua, ikawa kitu unachoweza kukaa nacho chumba kimoja. Wale akina mama wakaingia ndani. Mmoja alipanda kitandani kabisa, akaanza kumsuka.

Ninataka uelewe kilichotokea pale. Dawa ya bei ya soda ilimrudishia mtu marafiki zake. Njia hiyo inajulikana kwa wanaofanya tiba shufaa duniani kote, si uchawi, si siri. Ila haikuwa imefika kwetu, na haikuwa imefika kwa sababu nyumbani si mahali panapohesabiwa. Nyumbani ndiyo wodi kubwa kuliko zote Kenya, na haina nesi wa zamu, haina kabati ya dawa, haina faili. Ukimrudisha mgonjwa huko, kitabu cha hospitali kinaandika ameruhusiwa. Hesabu inafungwa. Gharama inahamia kwa msichana fulani na hakuna safu ya kuiandika.

PhD ya huyu nesi ni kuandika safu hiyo. Anaenda nyumba kwa nyumba, Tseikuru na vijiji vya kuelekea Kyuso, anauliza anayemtunza mgonjwa analala saa ngapi, aliacha nini, anajua nini, alifundishwa na nani, anatumia nini kutuliza maumivu usiku. Ukiniambia hayo si maswali ya PhD, wewe na mimi tumesoma shule tofauti, na mimi yangu sikuimaliza.

Chukua suala la maumivu peke yake. Katika tiba shufaa hapa Afrika kuna kipimo cha mkono: unamwomba mgonjwa aoneshe. Ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Kipimo kizuri, hakihitaji kusoma. Lakini mpeleke mzee wa Kikamba mbele ya kipimo hicho mwanawe mkubwa akiwa amesimama mlangoni, na mzee anajua kwamba kila kidole ni mbuzi mmoja, nauli ya Mwingi, na labda Kitui mjini. Ataonesha viwili. Susu alikuwa akionesha kimoja, mkono mwingine umeng'ang'ania shuka. Mtafiti aliyeshuka na gari kutoka Nairobi ataandika: maumivu kidogo. Nesi aliyekulia pale atamwambia kijana aende akaangalie punda, kisha atauliza tena.

Na ukishajua maumivu ni matano, unayafanyia nini? Hapa hadithi inakuwa ya aibu, kwa sababu sisi ndio tulioanza. Nairobi Hospice ilifunguliwa 1990. Daktari Anne Merriman alifanya kazi pale mwanzoni, kisha 1993 akahamia Kampala na kuanzisha Hospice Africa Uganda. Alikuja na mofini ya kunywa: unga wa mofini unaochanganywa na maji, unatiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe, kijani kwa ile nyepesi, waridi kwa kali zaidi. Haihitaji sindano wala kulazwa. Mgonjwa anaikunywa nyumbani kutoka kwenye chupa ya plastiki. Waganda wakaona tatizo lililofuata haraka: dawa ipo, lakini wa kuiandika hayupo, kwa sababu madaktari wako mjini na wagonjwa wako vijijini. Wakabadilisha sheria. Tangu 2004, nesi au afisa wa kliniki wa Uganda aliyepata mafunzo maalumu ya tiba shufaa anaweza kuandika mofini kwa kalamu yake mwenyewe. Rose Kiwanuka, nesi wa kwanza wa tiba shufaa nchini humo, baadaye aliongoza chama chao cha kitaifa. Nesi. Mbingu hazikuanguka.

Sisi? Sheria yetu ya dawa za kulevya ni ya 1994, na ukiisoma utaona imeandikwa kwa jicho la polisi: vifungu vya mwanzo ni makosa na adhabu, na mgonjwa anakuja baadaye kama kisingizio kinachovumiliwa. Human Rights Watch walipochunguza 2010 walikuta mofini ya kunywa kwenye hospitali saba tu kati ya hospitali za umma zipatazo 250. Tangu hapo mambo yamesogea, nisiwe mnafiki. Chama cha KEHPCA, chini ya Daktari Zipporah Ali kwa miaka mingi, kimebisha milango mpaka vidole vikaota sugu, na tangu 2021 tuna sera ya taifa ya tiba shufaa. Lakini sera iko kwenye PDF. Susu alikuwa Tseikuru.

Ukitaka kuona ubahili huu kwa upana wake, tume ya jarida la Lancet ilitoa hesabu 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zinapata tani 0.1. Hapo sina la kuongeza.

Najua pingamizi la kwanza, nimelisikia hata kwa marafiki zangu wanaojiita wasomi. Nesi akisoma sana, wanasema, anawakimbia wagonjwa. Anakuwa mhadhiri au anapanda ndege. Sawa, tuzungumzie ndege. Julai 2021 serikali yetu ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wahudumu wa afya huko. Hakuna aliyehitaji PhD kuondoka. Nesi wetu wa diploma anaondoka kwa sababu amekaa nyumbani bila ajira huku zahanati ya kijijini kwao ikiwa na nesi mmoja. Kwa hivyo Mkenya anaenda kumgeuza kitandani nyanya wa mtu mwingine kila baada ya saa mbili, kwa mshahara na kwa mafunzo, wakati nyanya yake mwenyewe anageuzwa na mtoto wa darasa la saba anayebahatisha. Simlaumu anayeondoka, ningekuwa na cheti hicho ningekuwa nimeshapanga foleni ya viza. Lakini usinijie na hoja kwamba ni masomo yanayotunyang'anya manesi. Aliyebaki na kuamua kuchimba hapa ndiye tunayemcheka.

Pingamizi la pili ndilo linalonitia hasira, kwa sababu limevaa kanga ya utamaduni. "Sisi Waafrika tunatunza wazee wetu. Mambo ya utunzaji wa muda mrefu ni ya wazungu wanaotupa wazazi kwenye majumba." Bana. Sisi ni nani hapo? Kila mwanamume aliyenitajia sentensi hiyo nimemuuliza aliwahi kumbadilisha nepi mzazi wake mara ngapi. Bado nasubiri jibu la kwanza. Tunapojivuna kwamba jamii inatunza, tunamaanisha kwamba kuna msichana asiyelipwa mahali fulani, na heshima ya ukoo imekaa juu ya mgongo wake. Akilalamika, hana adabu. Akinyamaza, tunamsifu kwenye mazishi kwa sentensi moja kabla ya kuwashukuru waheshimiwa waliotuma rambirambi.

Na Katiba haikubaliani na hadithi hiyo. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada wa kiasi kutoka kwa familia zao na kutoka kwa Serikali. Na. Si au. Kwa sasa sehemu ya Serikali, kwa mzee wa miaka 70 aliyeandikishwa, ni Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinapofika. Susu alikuwa ananipa mia tano katika hizo akisema ni za kalamu. Nepi za watu wazima zilimaliza zilizobaki kabla ya wiki kuisha, tukarudia vitambaa.

Cicely Saunders, yule Mwingereza ambaye dunia nzima inamtaja kama mama wa huduma hii, alianza kama nesi wakati wa Vita vya Pili. Mgongo ukamsumbua, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Alipotaka kubadilisha jinsi wanaokufa wanavyotibiwa, daktari mpasuaji alimshauri aende akasomee udaktari, kwa sababu akiwa nesi hakuna ambaye angemsikiliza. Akasoma, akahitimu 1957, na 1967 akafungua St Christopher's, London. Kila mkutano wa tiba shufaa husimulia kisa hiki kama hadithi ya ujasiri. Mimi nakisoma kama malalamiko. Alikuwa tayari anajua. Alilazimika kutumia miaka ya ujana wake kwenda kubadilisha koti ili yale aliyokwisha kuyaona yasikike. Ni manesi wangapi waliona hayohayo na hawakuwa na karo ya kubadilisha koti? Ndiyo maana mtu anayekataa kuacha unesi, anayesema nitapanda hadi juu kabisa ya elimu na nitabaki nesi, ananifurahisha kuliko nilivyoweza kumweleza.

Siombi muujiza. Naomba nesi aliyesomea tiba shufaa aruhusiwe kuandika mofini ya kunywa, kama Uganda walivyofanya nilipokuwa bado sijui kusoma. Naomba wahudumu wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa kwa sherehe Uhuru Park Septemba 2023 na mikoba yao, wafundishwe kugeuza mgonjwa, kuosha kinywa cha mtu asiyeweza kumeza, na kusaga zile tembe. Wanafika majumbani tayari. Naomba anayemtunza mtu nyumbani aandikwe mahali, hata kama ni jina tu kwenye daftari la zahanati, ili siku akipotea shuleni mtu ajue alikoenda.

Na naomba nafasi ya kazi. Nesi wetu atamaliza tasnifu yake, akipata karo ya mwaka uliobaki. Itakuwa na kurasa mia tatu za mambo ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuyakusanya kule kwetu. Kaunti hukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti kila mwaka. Wanaleta viti vya plastiki na soda, na watu wanauliza kuhusu barabara na mabwawa, na wana haki. Safari ijayo nitapanda gari la Mwingi nikakae kwenye kimojawapo cha viti hivyo, niulize ni nafasi ngapi za manesi wa tiba shufaa zimetengewa Tseikuru. Kama ni sifuri, nataka nijue ni ofisi gani iliyoiandika.